Vichupa vya Waridi vya Zdravka

Zdravka Bakalova ndiye nesi bora kuliko wote wa kutoa watu damu hapa Plovdiv, na anayebisha aje dirishani kwangu tubishane. Mimi ni Ginka. Nakaa dirisha la kuandikisha wagonjwa, hatua tatu kutoka kwenye kiti chake, na nimekaa hapo miaka kumi na tisa. Hakuna linalosemwa chumbani mle nisilolisikia. Msiniite mmbeya. Ukuta wenyewe ni wa mbao, nifanyeje, nizibe masikio?

Zdravka ana miaka hamsini na sita. Ni mfupi, mnene, ana vidole vidogo vya kitoto, na akicheka hata wagonjwa wa ghorofa ya pili wanajua kwamba yuko zamu. Alizaliwa kijiji cha tumbaku kule milima ya Rhodope, akaja mjini kusomea unesi, akaolewa na fundi wa lifti, akaachana naye, akamlea binti mmoja ambaye sasa anaishi Varna na hapigi simu mpaka agombane na mumewe. Miaka thelathini na moja anachoma watu sindano, na watu hao hao wanamletea mitungi midogo ya kioo yenye hoho za kuchoma kama shukrani. Kabati lake la vidonge halina vidonge, lina mitungi.

Ana mtindo wake wa kazi. Mgonjwa akikaa tu, Zdravka anamfunga ule mpira juu ya kiwiko, anamtia kitonge cha sponji kiganjani, "finya, mwanangu, finya", halafu anaanza kumhoji.

"Wa wapi wewe?"

"Asenovgrad."

"Mwaka huu mmechoma hoho kilo ngapi?"

"Themanini."

"Themanini! Weee, mnalisha kambi ya jeshi? Na lyutenitsa, sosi ya hoho na nyanya, mnakoroga na biringanya au bila?"

Hapo mgonjwa anasahau kuogopa. Anaeleza biringanya, anaeleza sufuria, anamsema mama mkwe anayetia sukari kwenye nyanya, na katikati ya mama mkwe sindano imeshaingia na kutoka. "Unanichoma lini?" anauliza. "Nimeshakuchoma, mama, shuka, kiti kinangojewa." Watu wanatoka Karlovo kumfuata yeye tu, wakati kwao wana hospitali nzuri kabisa.

Mwezi wa tano akaja Daktari Iskra Velcheva. Kijana wa miaka thelathini na nne, mwembamba, anakunywa kahawa badala ya chakula. Alikuwa ameanzisha utafiti, akatukusanya sote wa chumba cha damu kutueleza.

"Mama zangu, kuna watu wanaozaliwa na mwili ambao haukushika ile njia moja au ile nyingine tuliyoizoea," alisema. "Mwanamke kamili, mnamwona, ana matiti, ana sauti, kumbe kromosomu zake ni za kiume, na tumboni hana mfuko wa uzazi, ana tezi kama za mwanamume. Wengi wanaishi salama. Lakini mara chache tezi zile zinageuka uvimbe, na kwa hofu hiyo zimetolewa nyingi mno ambazo hazikuwa na kosa."

"Sasa damu inahusika vipi?" nikauliza, maana mimi siwezi kukaa kimya.

"Kila chembe ya mwili inatoa vijibarua vidogo mno, vinaelea kwenye damu. Tunaviita mikro-RNA. Tezi ikianza kuharibika, inatoa kijibarua cha aina ambayo mtu mzima mwenye afya hana. Mashine yangu inakitafuta hicho. Hakitoshi peke yake, lazima na picha ya tumbo, na bado tunajifunza. Lakini hebu fikirini, Mama Ginka! Kichupa kimoja cha damu badala ya kisu!"

Macho yake yalikuwa yanawaka. Na sisi yakatuwaka. Zdravka alimshika mashavu mbele ya watu wote akamwambia, "Mwanangu, nitakupa damu safi kuliko maji ya chemchemi."

Basi. Mpaka mwezi wa tisa, kati ya vichupa kumi na viwili alivyotoa, saba vilikuwa vimeharibika.

Damu ikishazungushwa kwenye mashine, nyekundu inashuka chini na juu yanabaki maji. Maji hayo yanatakiwa yawe ya manjano, rangi ya mafuta ya alizeti. Ya Zdravka yalikuwa ya waridi. Maana yake chembe nyekundu zimepasuka njiani na kumwaga vijibarua vyake vyote humo, na kile kimoja kinachotafutwa kinazama. Iskra alisema ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona kwenye harusi huku zurna na ngoma zimepamba moto.

Akabadilisha vichupa. Waridi. Akabadilisha sindano. Waridi. Akakataza lifti isije ikatikisa damu, tukawa tunapanda ngazi mpaka maabara yake na vichupa mkononi, magoti yakalia. Waridi! Mwishowe akaja chumbani, akafunga mlango (ukuta ni mbao, nimeshasema), akasema taratibu, "Mama Zdravka, labda ni namna unavyotoa."

"Mimi?"

"Nasema labda."

"Daktari," na hapo nikajua mambo yameharibika, maana siku zote humwita mwanangu, "wewe ulikuwa hujaanza shule mimi nikipata mishipa ya watoto njiti. Nenda kaiulize mashine yako!"

Wiki nzima hawakusalimiana. Halafu Alhamisi ile akaja Bilyana.

Bilyana alikuwa na miaka ishirini na nane, mkagua tiketi kwenye garimoshi dogo la milimani, lile la kutoka Septemvri. Mrefu, mabega mapana, nywele amezisuka vizuri. Alikuwa mmoja wa wanawake wale wa Iskra. Madaktari walimwambia ukweli akiwa na miaka kumi na saba, akalia mwaka mmoja, kisha akaolewa na mwanamume anayejua kila kitu. Tezi zake zilikuwa tumboni bado. Mara tatu aliitwa kwenye upasuaji, mara tatu akaahirisha. Safari hii alipangiwa Jumatatu.

Nilimsikia akimweleza Zdravka, mkono umeshafungwa mpira. "Shangazi, hizi ndizo zilizonikuza. Zinatoa homoni ya kiume, lakini mwili wangu hauisikii, unaigeuza kuwa ya kike, ndipo nikapata hili umbo. Zikitoka, ni vidonge kila siku mpaka nife. Sitaki zitoke. Lakini nimechoka kulala na hofu. Picha imetoka safi. Daktari wa upasuaji amekubali, damu nayo ikiwa safi ananiacha, ananiangalia kila miezi sita. Nisipopata jibu mpaka kesho mchana, naingia Jumatatu, basi, yaishe."

"Yataisha vizuri," Zdravka akasema. "Na huko kwenye treni, wazee hawajifichi chooni ukija?"

Bilyana akacheka, akasimulia bibi mmoja aliyesafiri na mbuzi na kudai mbuzi ni mtoto chini ya miaka saba. Hadithi ndefu, tamu. Nami nilicheka hadi nikakosea fomu mbili.

Saa mbili baadaye Iskra akashuka na kichupa. Akakiweka mezani. Waridi, ile ya maji ya cheri zilizochemshwa.

Jamani! Niliiangalia ile rangi, nikamwangalia Zdravka aliyekuwa amekauka, na ghafla kitu kikanigonga kichwani. Yule bibi wa mbuzi! Nikakimbilia daftari langu. Mimi huandika saa mgonjwa anapoingia na saa anapotoka, ni kazi yangu, na sasa nikaanza kupekua kama mwendawazimu.

"Dereva wa teksi, Juni!" nikapiga kelele. "Alikataa kuongea, kumbukeni, alisema mnamchelewesha. Dakika mbili. Kichupa kikawaje?"

"Manjano," Iskra akasema.

"Mwalimu wa hesabu, yule mwenye kisirani?"

"Manjano."

"Yule mama wa Asenovgrad, biringanya na mama mkwe? Dakika tisa! Mchunga kondoo wa Smolyan aliyemlilia mbwa wake? Kumi na moja!"

"Waridi. Na yule pia waridi." Iskra alikuwa ameshasimama. "Mama Ginka! Ni mpira! Mkono unafungwa, damu inabanwa, mtu anafinya na kufinya, na Mama Zdravka anapiga soga! Dakika moja tu ndiyo inaruhusiwa, na hapa mpira unakaa tano, sita!"

Nilikuwa nimefurahi hivyo, nimegundua mimi, Ginka wa dirishani, hata sikumtazama rafiki yangu. Nilipomtazama, uso ulikuwa umemshuka.

"Kwa hiyo ni mdomo wangu," akasema.

"Siyo mdomo, shoga, ni mpira tu, utaufunga mwisho wa..."

"Nyamaza, Ginka."

Akachukua mkoba wake akaenda. Usiseme sikujilaumu. Nilijilaumu, ila moyo ulikuwa unaruka ruka bado, maana tulikuwa tumejua! Iskra akampigia Bilyana arudi Ijumaa saa moja na nusu asubuhi. Damu ikishatoka, mashine zinahitaji muda wa saa saba hivi kutoa jibu. Nafasi ilikuwa hiyo moja.

Ijumaa Zdravka alikuja amevaa sura ya ofisi ya kodi. Bilyana akakaa. "Mkono," Zdravka akasema. Basi. Wala shikamoo yake haikujibiwa sawasawa. Akatafuta mshipa, akafunga mpira, akagonga gonga, akafungua. Akajaribu mkono wa pili. Kimya. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na saa mkononi, Iskra pembeni na ndoo ya barafu, na hakuna mshipa! Jana ulikuwa umesimama kama kamba, leo umezama.

"Shangazi," Bilyana akasema, "jana ulinihoji mpaka jina la kondoo wetu. Leo hunitazami. Mmeona kitu kwenye damu yangu. Niambieni."

"Hakuna kitu."

"Basi mbona umenuna?"

Nilikuwa nafungua kinywa, Iskra akanikanyaga mguu.

Zdravka akafungua mpira. Akautupa mezani. Akavuta stuli, akaketi magoti yakigusana na ya yule binti, akaushika mkono wake kwa mikono miwili, na akasema jambo ambalo katika miaka kumi na tisa sijawahi kulisikia.

"Sikiliza, mwanangu. Jana niliharibu damu yako kwa kupiga domo huku mkono umefungwa. Ni mimi. Siyo wewe, siyo tezi zako. Na nikwambie kwa nini napiga domo. Nilipoanza kazi walikuwa wanaletwa wasichana kama wewe, miaka kumi na tano, kumi na sita. Wakubwa wa zamani hizo walituambia, msimwambie kitu, mwambieni ana kiuvimbe kidogo kwenye kizazi, anatolewa, anakwenda nyumbani. Wasichana wananitazama machoni, wananiuliza, dada, nina nini? Na mimi nafunga mpira, nauliza, kwenu hoho mmechoma kilo ngapi. Ningefanyaje, nilikuwa na miaka ishirini na tano! Ningesema, ningefukuzwa. Nikazoea hivyo. Nilidhani ni upole. Kumbe nilikuwa nawaziba midomo."

Bilyana alimtazama usoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Wangapi?" akauliza.

"Saba. Sasa niulize chochote unachotaka, nitakujibu ninachojua."

"Hicho kijibarua, kikionekana leo, nitakufa?"

"Hapana. Wanatoa uvimbe mapema, unapona, unameza vidonge, unakagua tiketi. Daktari, nasema kweli?"

"Kweli kabisa," Iskra akasema.

"Na kisipoonekana?"

"Unabaki kama ulivyo."

Binti akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na Zdravka, ambaye muda wote huo vidole vyake vidogo vilikuwa vinatembea kwenye ule mkono bila sisi kugundua, akasema polepole, "Huu hapa."

Ndugu zangu, alimchoma bila mpira! Bila kufunga kitu! Sijawahi kuona. Mshipa ule haukuonekana kwa macho, aliukuta kwa ncha ya kidole tu, na damu ikaja yenyewe, taratibu, inatiririka kichupani haisukumwi na mtu. Mimi nilishika saa wala sikuitazama. Kikajaa cha kwanza, kikajaa cha pili. Akavigeuza juu chini mara chache, pole pole, akampa Iskra, na Iskra akapanda ngazi navyo kama aliyebeba mayai.

Robo saa ya kuzungusha. Zdravka alikataa kupanda. Nikapanda mimi, nikaacha foleni ya watu kumi na wanne dirishani wakinitukana. Iskra akainua kichupa kwenye mwanga wa dirisha.

Manjano! Manjano ya alizeti, unaweza kukaangia! Nilishuka ngazi mbili mbili, na umri huu, nikipiga kelele "Manjano, Zdravka, manjano!" na foleni nzima ikadhani nimepandwa na wazimu.

Lakini hiyo ilikuwa damu tu. Jibu lilikuwa bado.

Bilyana hakwenda popote. Alikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi, nikampa banitsa, mkate wangu wa jibini, akaila bila kujua anakula nini. Zdravka alitoa damu za watu thelathini siku hiyo. Kila mmoja alimhoji kwanza, akamaliza kumhoji, ndipo akafunga mpira. Mzee mmoja alilalamika kwamba siku hizi huduma imekuwa ndefu.

Saa tisa kasoro dakika kumi Iskra akatuita juu, Bilyana na sisi wawili, kwa sababu Bilyana alisema bila sisi haingii. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na mistari. Mashine inarudia kazi yake raundi arobaini, na kitu kikiwepo, mstari wake unapanda.

"Huu uliopanda ni wa kujipima," Iskra akasema. Akauonyesha kwa kidole. "Umepanda pale pale unapotakiwa, maana yake damu ni nzuri, mashine imeisoma. Na huu wa chini ndio wenyewe."

Wa chini ulikuwa umelala. Raundi ya ishirini umelala. Ya thelathini umelala. Ya arobaini, umelala chali.

"Nimerudia mara tatu," Iskra akasema. "Kimya."

"Kimya maana yake nini kwa lugha ya watu?" Bilyana akauliza.

"Maana yake nimeshampigia daktari wa upasuaji, jina lako amelifuta, mtaonana baada ya miezi sita. Jumatatu nenda kazini."

Sijui nani alipiga ukelele kwanza. Pengine ni mimi. Bilyana alimwinua Zdravka mzima mzima kutoka sakafuni, na Zdravka si mwepesi. Iskra alikuwa anacheka na kulia na kumwaga kahawa kwenye karatasi.

Tukashuka. Koridoni bado kulikuwa na watu kumi hivi wanangoja majibu yao ya sukari na mafuta. Bibi mmoja mwenye kitambaa cheusi akaona jinsi Bilyana alivyovimba macho, akamshika mkono.

"Mwanangu, una nini? Umefiwa?"

Na Zdravka, kabla sijaelewa, akaruka katikati. "Hana kitu, mama, presha imeshuka kidogo tu, atakunywa maji..."

"Shangazi," Bilyana akasema. "Acha."

Zdravka akaacha.

"Sijafiwa, bibi. Mimi ni mwanamke, nimezaliwa na kromosomu za kiume. Nina tezi tumboni ambazo wanawake wengine hawana. Zingetolewa Jumatatu, wakihofia uvimbe. Leo damu yangu imeonyesha ni nzima. Hazitoki."

Korido yote ikageuka. Kulikuwa na mwanamume mwenye gazeti, akalishusha. Bibi alimtazama Bilyana kutoka nywele mpaka viatu, hana haraka.

"Ni zako?" akauliza.

"Zangu."

"Na haziumwi?"

"Haziumwi."

"Sasa walitaka kuzitoa za nini?" bibi akasema kwa hasira, akasogea kwenye benchi. "Kaa hapa. Utasimama mpaka lini?"

Bilyana akakaa.

Mimi nilirudi dirishani, maana nilikuwa nimeanza kulia na sipendi kuonekana. Zdravka akanifuata. Hakuingia chumbani kwake. Alisimama mbele ya kioo changu, upande wa wagonjwa, akaegemeza viwiko vyake kama mtu aliyekuja kujiandikisha.

"Ginka, Iskra bado yuko juu?"

"Yuko."

"Nataka nimpelekee karatasi. Atajua yeye njia ya kuwatafuta wale wasichana, na ya kuwauliza kama wanataka kuambiwa. Yule wa kwanza sasa ana miaka arobaini na sita. Labda mpaka leo anadhani alikuwa na kiuvimbe." Akajipangusa pua kwa mkono. "Majina nayakumbuka yote saba. Andika."

Nikachukua kalamu, akanitajia la kwanza.